Bakaa iliyofichika: ukaguzi wa ufanisi ulivyoibana Ofisi ya Rais wa Chuo Kikuu cha California

Januari 2017, Baraza la Chuo Kikuu cha California lilipiga kura kupandisha ada ya masomo kwa asilimia 2.5. Kwa mwanafunzi mkazi wa jimbo hilo, ada ya masomo iliongezeka dola 282 na ya huduma dola 54, baada ya miaka sita bila nyongeza. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Aprili, Mkaguzi wa Jimbo, Elaine Howle, akatoa ripoti namba 2016-130. Ilisema kwamba makao makuu ya chuo hicho hicho yalikuwa yamelimbikiza zaidi ya dola milioni 175, na kwamba Baraza lililopandisha ada halikuwahi kuambiwa.

Hiyo milioni 175 ndiyo inayokumbukwa na wengi. Lakini anayetaka kuelewa namna Bunge la jimbo linavyoweza kuiwajibisha taasisi kubwa yenye kinga ya kikatiba atafaidika zaidi akitazama mambo mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: madodoso yaliyochezewa katikati ya ukaguzi, na kile Bunge lilichokifanya na pesa baada ya ripoti kutoka.

Kwanza, aina ya ukaguzi wenyewe. Ukaguzi wa hesabu tuliouzoea huuliza kama taarifa za fedha zinaonyesha hali ya kweli, na huishia kwenye hati: safi, yenye shaka au isiyoridhisha. Ukaguzi wa ufanisi huuliza kama pesa ilifanya kazi iliyoombewa, kama kazi hiyo ingeweza kufanyika kwa gharama ndogo zaidi, na kama aliyeidhinisha matumizi alipewa taarifa za kutosha kuamua. Taasisi inaweza kupata hati safi miaka kumi mfululizo na bado ikaanguka kwenye maswali hayo. Hesabu za Chuo Kikuu cha California zilikuwa zikikaguliwa kila mwaka na kampuni ya nje. Katika chuo chenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 30, bakaa ya makao makuu ni tone ndani ya mtungi, na mkaguzi wa hesabu hana sababu ya kulifuata tone hilo maadamu limeandikwa kwenye leja. Na lilikuwa limeandikwa. Hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa kwamba wenye mamlaka ya kuidhinisha bajeti hawakuonyeshwa.

Mkaguzi na bwana wake

Kwa miongo kadhaa Bunge la California lilikuwa na ofisi yake ya ukaguzi, iliyolipwa kutoka bajeti ya uendeshaji ya Bunge. Mwaka 1990 wapiga kura walipitisha Pendekezo namba 140, lililoweka ukomo wa mihula ya wabunge na kukata bajeti hiyo kwa kiasi kikubwa. Wabunge walipotafuta pa kupunguza, ofisi ya ukaguzi ikawa miongoni mwa zilizoumia, na mwishoni mwa 1992 ilifungwa. Mwaka 1993 ikaundwa upya kwa sheria, safari hii nje ya bajeti ya Bunge. Tangu hapo Mkaguzi wa Jimbo huteuliwa na gavana kwa muhula wa miaka minne, lakini gavana hachagui anavyotaka: huletewa majina matatu na Kamati ya Pamoja ya Ukaguzi ya Bunge, yenye wajumbe 14, saba kutoka Seneti na saba kutoka Assembly, yaani baraza la chini la Bunge hilo. Kwa hiyo hakuna mhimili mmoja unaoweza kumweka mtu wake peke yake.

Majimbo mengine yamechagua njia tofauti. Virginia na Mississippi, tangu 1973, zina kamati za wabunge zenye wakaguzi wao wenyewe kama watumishi. Mfumo huo una faida ya ukaribu: mkaguzi anajua wabunge wanasumbuliwa na nini. Hatari yake California wanaijua vizuri.

Msomaji wa Tanzania au Kenya ataona hapa ndugu wa CAG na kamati ya PAC, na kwa kiasi fulani ni kweli. Tofauti iko mwanzoni mwa kazi. Kwetu, mara nyingi ripoti huanzia kwa mkaguzi na kamati huipokea ikiwa imeshapikwa. California, mbunge yeyote anaweza kuandika ombi la ukaguzi. Ofisi ya Mkaguzi hulichambua: maswali gani yanajibika, yatahitaji saa ngapi za kazi na gharama gani. Kisha Kamati ya Pamoja hupiga kura hadharani. Hatua hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kwa sababu hati ya maswali iliyopigiwa kura ndiyo inayomlinda mkaguzi baadaye, pale mkaguliwa atakapolalamika kwamba amevuka mipaka.

Ombi la kukagua Ofisi ya Rais wa Chuo lilitoka kwa wabunge wa Assembly mwaka 2016. Rais wa chuo huko ni kama makamu mkuu wa chuo kwetu, ila yuko juu ya kampasi 10, kila moja ikiwa na mkuu wake aitwaye chansela. Wakati huo kiti kilikuwa cha Janet Napolitano, aliyewahi kuwa gavana wa Arizona na waziri wa Usalama wa Ndani wa Marekani. Makao makuu yako Oakland. Hayafundishi mwanafunzi yeyote. Yanaendesha mifumo ya pamoja, pensheni, sheria, bajeti na miradi ya chuo kizima. Sehemu kubwa ya fedha zake za matumizi ya hiari ilitoka kwenye tozo ambayo kila kampasi ililipa kwa mwaka.

Kuna kikwazo cha kisheria kinachofanya kisa hiki kiwe na mafunzo mengi. Katiba ya California, Ibara ya 9 kifungu cha 9, inakipa chuo hicho uhuru mkubwa wa kujiendesha. Bunge haliwezi kukiagiza kama linavyoagiza idara ya barabara. Linabaki na silaha mbili: sheria inayompa Mkaguzi haki ya kufungua vitabu vya taasisi yoyote ya umma, na mfuko wa bajeti.

Bakaa ilivyopatikana

Njia waliyopita wakaguzi haina siri. Unachukua kila chanzo cha fedha peke yake, mwaka baada ya mwaka. Bakaa ya kufungulia, jumlisha kilichoingia, toa kilichotumika kwa mujibu wa leja. Unapata bakaa ya kufungia. Halafu unachukua makabrasha ya bajeti yaliyopelekwa mbele ya Baraza katika miaka hiyo hiyo na kutafuta bakaa hiyo ilionekana ukurasa gani. Kazi nzima ni kulinganisha vitabu viwili: kile cha waliotumia na kile cha walioidhinisha.

Kufikia mwaka wa fedha 2015–16, hesabu ilitoa dola milioni 83 za fedha zenye masharti na dola milioni 92 za fedha za hiari. Mgawanyo huo ni wa lazima, na ripoti nyingi za ukaguzi huharibika hapa. Fedha yenye masharti imefungwa na aliyeitoa, kwa mfano mfadhili wa utafiti, na huwezi kuilaumu taasisi kwa kutoitumia kupunguza ada. Fedha ya hiari haina kamba hiyo. Ndani ya ile milioni 92, dola milioni 32, zaidi ya theluthi moja, zilikuwa tozo za kampasi ambazo hazikutumika.

Zilibakije? Ofisi ilikuwa ikijenga bajeti ya mwaka mpya juu ya bajeti ya mwaka uliopita, bila kuanzia kwenye matumizi halisi. Tuchukue mfano wa kubuni. Fungu limepewa 100, likatumia 90. Mwaka unaofuata mwandaaji anaanza na 100, anaongeza asilimia 3, anaomba 103. Likitumika 93, imebaki 10 nyingine, na mwakani ataanza na 103. Kila ombi likitazamwa peke yake linaonekana la kiasi, kwa sababu nyongeza ni ya asilimia 3 tu. Pengo halionekani popote, kwa kuwa jedwali linalinganisha bajeti na bajeti. Ukiweka safu ya tatu ya matumizi halisi, pengo linajitokeza siku hiyo hiyo. Huu ni ugonjwa wa ofisi nyingi za umma, na dawa yake ni safu moja ya jedwali.

Katika baadhi ya miaka iliyokaguliwa, Ofisi iliomba na kupewa kibali cha kuongeza tozo ya kampasi wakati tozo za nyuma hazijaisha. Zaidi ya hapo, ilikuwa na bajeti ya pili isiyowekwa wazi, ya kutumia sehemu ya fedha zilizolimbikizwa. Katika miaka minne iliyochunguzwa, bajeti hiyo ilikuwa kati ya dola milioni 77 na milioni 114 kwa mwaka.

Viwango vya ukaguzi wa serikali nchini Marekani, vinavyotolewa na ofisi ya ukaguzi ya Bunge la shirikisho na kufahamika kama Kitabu cha Njano, vinataka kila hoja iwe na nguzo nne: kigezo, hali halisi, chanzo na athari. Kigezo: Baraza ndilo linaloidhinisha bajeti, kwa hiyo lipewe taarifa kamili. Hali halisi: bakaa na bajeti ya pili havikuwasilishwa. Chanzo: bajeti kujengwa juu ya bajeti, na kukosekana kwa sera inayosema akiba iwe kiasi gani na nani aidhinishe matumizi yake. Athari: tozo na ada ziliamuliwa na watu wasiojua kilichomo ndani ya kisanduku. Mkaguzi asiyefika kwenye chanzo huandika mapendekezo ya aina ya "Ofisi iimarishe uwazi", ambayo hayatekelezeki kwa sababu hayamwambii mtu yeyote afanye nini Jumatatu asubuhi.

Ripoti ilikuwa na mengine, nayapita haraka. Mishahara ya maofisa 10 wa juu ilifikia jumla ya dola milioni 3.7 katika mwaka wa fedha 2014–15, zaidi ya dola 700,000 juu ya jumla ya wenzao wa ngazi ya juu katika utumishi wa jimbo. Hoja za aina hii zinapendwa na magazeti, lakini kwa ushahidi ni dhaifu kuliko ya bakaa: kila kitu kinategemea umechagua kuwalinganisha na nani, na chuo kina haki ya kusema kwamba kinashindana na vyuo vingine, hakishindani na idara za serikali. Gharama za utawala nazo zilionekana kupanda kwa asilimia 28, sawa na dola milioni 80, kati ya 2012–13 na 2015–16. Neno "zilionekana" lilikuwa na maana yake: Ofisi haikuwa na tafsiri moja ya gharama za utawala ni zipi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa kwa takwimu hiyo. Ofisi pia haikuweza kutoa orodha kamili ya miradi yake ya chuo kizima na gharama zake. Mkaguliwa anaposhindwa kutoa orodha, kushindwa huko ndiko hoja.

Madodoso

Maswali ya bakaa yanajibiwa na leja. Lakini Bunge lilitaka kujua jambo jingine ambalo leja hailijui: je, kampasi zinazolipa tozo zinapata huduma inayolingana na pesa zao? Au zinafanya upya kazi ambazo makao makuu yanadai kuzifanya? Wanaojua ni watu wa kampasi. Hivyo wakaguzi wakatuma madodoso mawili kwa kila kampasi, wakiomba ukadiriaji wa ubora na gharama za huduma, na wakaeleza kwamba majibu ni siri, yasisambazwe nje ya kampasi.

Fikiria nafasi ya chansela. Unaulizwa na mkaguzi umkadirie bosi wako, ambaye ndiye anayepanga mgao wako. Kanuni ya usiri ipo kwa sababu hiyo. Ofisi ya Rais ikapata habari, na maofisa wake wakapanga majibu yapitie kwao kabla ya kwenda kwa Mkaguzi. Kampasi za Santa Cruz, San Diego na Irvine zilibadilisha majibu: maneno ya ukosoaji yalifutwa, na ukadiriaji mbaya ukapandishwa ukawa mzuri. Santa Cruz ilikuwa imeshatuma majibu yake. Ikayaomba yarudishwe, ikatuma mengine.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kujitokeza. Mkaguzi aliyepokea toleo la kwanza na la pili anaweza kuyaweka bega kwa bega. Wakaguzi wakafuatilia mawasiliano ya barua pepe kati ya kampasi na makao makuu, wakaona yaliyotokea.

Uamuzi waliochukua ndio wa kuiga: waliyatupa matokeo yote ya madodoso. Wangeweza kutumia ya kampasi saba ambazo majibu yake hayakuonekana kubadilishwa. Lakini utajuaje kwamba waliosalia hawakujirekebisha wenyewe baada ya kusikia kwamba makao makuu yanapitia majibu? Ushahidi ukishaguswa na mkaguliwa, hauwezi tena kubeba hoja. Badala yake tukio lenyewe likaandikwa kama hoja: Ofisi ya Rais iliingilia ukaguzi kwa makusudi.

Hasara ya hapo haijasemwa vya kutosha. Swali la Bunge, kama kampasi zinapata thamani ya tozo yao, lilibaki bila jibu. Kila mtu alikimbilia milioni 175, ambayo ni tatizo la kuweka vitabu wazi na linaweza kurekebishwa kwa sera ya kurasa tano. Swali la thamani linahusu kama sehemu nzima za makao makuu zina sababu ya kuwepo, na lilizimwa na watu wachache waliopanga barua pepe zipitie wapi.

Kwa wanaofanya kazi hii, kisa hiki kinaonyesha mashimo ya kuziba mapema. Dodoso liende moja kwa moja kwa mtu mwenye jina na cheo, kwa kiungo chake peke yake, lisipitie ofisi ya uratibu ya mkaguliwa. Mfumo uhifadhi kila toleo na saa lilipoingia, na jibu likishatumwa lifungwe. Anayetaka kulibadilisha aeleze sababu kwa maandishi. Mkuu wa taasisi apewe barua mwanzoni, kwenye kikao cha kufungua ukaguzi, inayosema wazi kwamba kupitia majibu ya walio chini yake ni kuingilia ukaguzi. Na swali zito lisibebwe na dodoso peke yake: kila jibu la tathmini liombwe pamoja na namba, kwa mfano watumishi wangapi wa kampasi wanafanya kazi hiyo hiyo. Namba unaweza kuzipata hata kama maoni yamefutwa.

Majibu ya mkaguliwa

Kabla ripoti haijatoka, taasisi hupewa rasimu kwa siku tano za kazi, kwa siri, na majibu yake huchapishwa ndani ya ripoti hiyo hiyo, yakifuatiwa na maelezo ya Mkaguzi juu ya majibu. Utaratibu huu ni mzuri. Msomaji anaona pande zote mbili katika jalada moja, na mkaguliwa hawezi baadaye kudai hakusikilizwa.

Ofisi ya Rais ilikubali mapendekezo yote 33 iliyoelekezewa, lakini ikapinga vikali picha iliyochorwa. Ilisema akiba halisi ilikuwa dola milioni 38, karibu asilimia 10 ya bajeti ya uendeshaji, kiasi cha busara kwa taasisi ya ukubwa wake; zilizobaki zilikuwa zimeshaahidiwa kwa miradi mbalimbali.

Nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikuwa na namba za kweli zenye maana tofauti. Fedha iliyoahidiwa kwa mradi wa miaka mitatu haiko huru kwa maana ya kawaida, na kichwa cha habari kilichosema chuo "kimeficha" milioni 175 kiliwafanya wengi waamini kuna pesa iliyolala benki ikisubiri kupunguza ada. Hata ile milioni 83 yenye masharti iliingizwa humo. Lakini hoja ya Mkaguzi haikutegemea ukubwa wa namba. Ahadi inayohesabika ni ile iliyofanywa na mwenye mamlaka ya kuahidi. Kama Baraza halikuonyeshwa fedha, halikuwa limeidhinisha ahadi. Na ahadi ya ofisa aliyejiahidi mwenyewe haiwezi kuwa kinga mbele ya mkaguzi. Ukipunguza milioni 175 hadi 38, kosa la kutoonyesha linabaki vile vile.

Bunge linapotia mkono mfukoni

Tarehe 2 Mei 2017 kamati za Bunge zilikaa pamoja Sacramento kuwahoji Mkaguzi na Rais wa Chuo. Vikao vya aina hiyo vina joto, na joto hupoa. Ambacho hakikupoa ni bajeti ya jimbo ya 2017–18. Bunge lilizuia dola milioni 50 za chuo hadi kitakapotimiza masharti, mojawapo likiwa kutekeleza mapendekezo ya Mkaguzi yenye ukomo wa Aprili 2018. Pia likabadilisha njia ya pesa: badala ya kampasi kulipa tozo, Ofisi ya Rais ikawekewa fungu lake ndani ya bajeti ya jimbo, linalojadiliwa waziwazi na kubanwa kila mwaka.

Uhuru wa kikatiba haukuguswa. Bunge halikumwagiza Rais wa Chuo lolote. Lilisema tu pesa gani inatoka lini. Hapo ndipo mtu anaona kwa nini mapendekezo ya ripoti yaliwekewa tarehe: Aprili 2018, Aprili 2019, Aprili 2020. Pendekezo lisilo na tarehe haliwezi kufungwa kwenye sharti la bajeti, maana hakuna siku ya kuuliza kama limetimia. Wakaguzi waliyapanga kwa mfuatano unaotekelezeka: mwaka wa kwanza sera na uwazi wa bakaa, baadaye mapitio ya mishahara na gharama, ambayo yanahitaji takwimu zitakazopatikana tu kama hatua ya kwanza imekamilika.

Kuhusu kuingilia ukaguzi, Baraza la Chuo liliagiza uchunguzi huru ukiongozwa na Carlos Moreno, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya California. Matokeo yalitoka Novemba 2017. Uchunguzi ulionyesha kwamba Rais aliidhinisha mpango wa majibu kupitia ofisini kwake, ila haukupata ushahidi wa kutosha kwamba alijua wasaidizi wake walikwenda hadi kuondoa majibu mabaya. Wasaidizi wawili wa juu walijiuzulu mwezi huo. Rais aliomba radhi hadharani, na Baraza likamkemea hadharani.

Tayari Oktoba gavana alikuwa ametia saini muswada AB 562: yeyote anayemzuia Mkaguzi wa Jimbo kwa nia ya kudanganya anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000. Wengine waliona kiasi hicho ni kidogo mno. Kwa mishahara ya maofisa wa ngazi hiyo, ni kidogo kweli. Faida yake iko kwingine: ofisa wa kati anayeagizwa na bosi "yapitishe majibu kwangu kwanza" sasa ana kifungu cha sheria cha kumwonyesha, na mwanasheria wa taasisi analazimika kuandika ushauri.

Baada ya kelele

Ripoti nyingi nzuri hufia hapa. California mkaguliwa hutakiwa kueleza utekelezaji baada ya siku 60, miezi sita na mwaka mmoja. Taasisi huandika inachodai kufanya na kuambatisha ushahidi. Wakaguzi hupima na kuandika hukumu yao pembeni: limetekelezwa, limetekelezwa kwa sehemu, bado, au mkaguliwa hataki. Vyote huwekwa hadharani, neno la taasisi na neno la Mkaguzi likiwa jirani. Mapendekezo yaliyopita mwaka bila kukamilika huingia kwenye orodha ya kila mwaka inayopelekwa Bungeni, ili kamati za bajeti ziwe nayo mezani wakati taasisi inakuja kuomba fedha.

Kinachopimwa ni ushahidi, si kauli. Taasisi ikisema "tumeandaa sera ya akiba", wakaguzi wanauliza imepitishwa na nani, tarehe gani, na bajeti ya kwanza iliyoandaliwa chini ya sera hiyo iko wapi. Sera iliyosainiwa lakini haijatumika kwenye bajeti hata moja ni utekelezaji wa sehemu. Kwa sababu hiyo pendekezo linaloonekana rahisi huchukua mizunguko miwili ya bajeti kufungwa, na mbunge asiyejua hili hukata tamaa mapema akidhani hakuna kinachoendelea.

Njia mpya ya pesa nayo ilikuwa na gharama yake. Fungu la Ofisi ya Rais lilipoingizwa kwenye bajeti ya jimbo, likawa ushindani wa moja kwa moja na fedha za kampasi ndani ya mgao ule ule, na kila mwaka wa bajeti mbaya liliweka huduma za pamoja kwenye hatari ambayo haikuhusiana na bakaa. Mwaka wa fedha 2021–22 tozo ya kampasi ikarejeshwa. Baraza la Chuo bado ndilo linaloidhinisha bajeti ya makao makuu kama zamani, ila sasa makabrasha yanayoletwa mbele yake yana jedwali la bakaa kwa kila aina ya fedha, zenye masharti na za hiari, pamoja na safu ya matumizi halisi ya mwaka uliopita.